Sampu ya tangi la Tanganyika: shajara ya mradi

Mei, mwanzoni. Hesabu kabla ya kioo

Samaki wangu wa Ziwa Tanganyika wamezaana mpaka tangi lao la lita 120 limewabana, na kichujio cha sponji kinachoendeshwa kwa pampu ya hewa hakiwatoshi tena. Nimewaandalia tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 10. Chini yake, ndani ya stendi, litakaa tangi la pili dogo la kuchujia, lile tunaloliita sampu. Maji yanamwagika yenyewe kutoka juu, yanapita vyumba vya kuchujia, halafu pampu moja inayarudisha. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na vipimo, ili anayetaka kujenga la kwake achukue hesabu na kuzibadilisha ziendane na tangi lake.

Nani asiyejua kinachoua samaki wa nyumbani hapa Dar? Umeme ukikatika, pampu imezima. Kwa hiyo sampu hii naipigia hesabu kuanzia dakika ile pampu inaponyamaza, halafu ndipo narudi kwenye uchujaji. Sampu inayochuja vizuri lakini inafurika sebuleni kila umeme ukienda haifai kuwekwa kwenye nyumba wanamoishi watu.

Ndani ya vioo, tangi la juu lina sentimita 118 kwa 48. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo cha maji ni lita 5.7. Pampu ikizima, maji ya juu yanaendelea kumwagika hadi yafike usawa wa chini wa meno ya kisanduku cha kumwagikia, kile cha ndani ya tangi la juu ambamo maji yanaingia ili yashuke kwenye bomba. Wakati huohuo bomba la kurudisha linageuka mpira wa kunyonya: maji yanarudi chini kupitia pampu yenyewe mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Wengi hutoboa kitundu kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa mapema na kukata mnyonyo. Nami nitatoboa. Ila kitundu hicho huziba kwa mwani, kwa hiyo hesabu naipiga kwa kudhani kimeziba kabisa. Mdomo wa bomba utakaa sentimita 2.5 chini ya uso, na hizo ni lita 14. Weka lita 3 za mabomba na kisanduku. Jumla lita 17 zitashuka, na lazima zipate pa kukaa.

Sampu itakuwa na urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40, kioo cha milimita 6. Ndani inabaki 78.8 kwa 33.8, yaani kila sentimita ya kimo ni lita 2.66. Kuta za ndani zina kimo cha sentimita 25, na chumba cha pampu kinapofanya kazi kinakuwa na maji ya sentimita 22. Lita 2 za kwanza zinazoshuka zinajaza chumba hicho, zile 15 zinapanda juu ya kuta kwa sentimita 5.6. Maji yanasimama kwenye 30.6 na kioo kinaishia 39 na ushee. Nafasi ipo, tena ya kutosha.

Hatari ya pili ni kinyume chake: bomba la kushusha likiziba huku pampu inasukuma. Chumba cha pampu kina upana wa sentimita 20 kwa 33.8, na pampu itanyonya mpaka zibaki sentimita 4 hivi. Kutoka 22 hadi 4 ni lita 12. Zikipanda juu zinaongeza sentimita 2 na kidogo tu, na usawa wa kawaida wa tangi utakuwa sentimita 4 chini ya ukingo. Maji hayatafika sakafuni.

Hapa ndipo wengi wanapopanua chumba cha pampu ili wasijazie mara kwa mara maji yanayopotea kwa mvuke. Mimi nasema kiwe kidogo kadiri pampu inavyoruhusu. Chumba kikubwa kinapunguza kazi ya kujaza, lakini siku bomba likiziba maji yake yote yatapanda juu.

Mei, siku chache baadaye. Kwa nini sampu kwa samaki hawa

Nimeulizwa kwa nini nisinunue kichujio cha kuning'iniza nikamaliza. Jibu liko kwenye ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu kuliko pote, maji yake yana madini mengi, na pH yake, kipimo cha asidi na alkali, inakaribia 9. Ziwa kubwa namna hiyo halibadiliki kwa mvua ya siku moja, na samaki waliotokana nalo hawajazoea maji ya kuyumbayumba. Nafuga Neolamprologus brichardi, Julidochromis na kundi la Cyprichromis leptosoma, hawa wa mwisho wakipenda kuogelea wazi katikati ya maji wakati wenzao wamejibanza kwenye mawe.

Halafu kuna amonia, inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza. Kwenye maji ya pH 7 sehemu yake yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.6 na joto la nyuzi 27, karibu moja ya tano yote ni sumu. Kinyesi kilekile na mabaki yaleyale ya chakula ambayo samaki wa maji laini wangeyavumilia kwa siku kadhaa, hapa yanaua. Samaki hawa wanataka maji mengi na makazi mapana ya bakteria wanaoigeuza amonia hiyo, na sampu inatoa vyote kwa mkupuo.

Na joto la kwetu nalo linahesabika. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu. Maji yanayoporomoka kwenye bomba na kuruka ukuta hadi ukuta yanakutana na hewa njia nzima, kwa hiyo hiyo kidogo inayowezekana wanaipata.

Mei, katikati. Stendi na vioo

Stendi imetoka kwa fundi wa kuchomelea, skwea paipu ya inchi 2, imepigwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Tangi likijaa maji, mawe na mchanga litafika karibu kilo 400, kwa hiyo pima maji ilipita kwenye kila upande kabla sijamlipa. Fundi alitaka kuweka nguzo katikati, upande wa mbele. Nikamwomba aihamishie nyuma, maana nguzo ya mbele ingemaanisha sampu haitoki tena bila kuteremsha tangi zima. Kimo cha stendi ni sentimita 80: sampu 40, na juu yake zinabaki zaidi ya 30 za kuingiza mikono, kuinua sponji na kutoa pampu. Anayejenga asibane nafasi hii. Sampu isiyofikika haisafishwi.

Vioo vya sampu nimekatia mtaa wa Gerezani hapa Dar. Fundi vioo alisoma karatasi yangu, akaniuliza:

"Kaka, hii ya chini si ungeweka kioo cha milimita nne tu? Haionekani hii."

"Fundi, umeme ukikatika maji ya juu yanateremkia humo. Nikatie cha sita."

"Na hizi kuta za ndani?"

"Kuta weka cha nne, maji yapo pande zote mbili."

Akatikisa kichwa, akakata. Kipande kimoja cha ubavu kilikuja kimeenda mshazari karibu milimita 3, wakakibadilisha palepale. Njia ya kugundua ni kupima kona kwa kona kwa futi kamba: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kioo kimenyooka. Mwambie fundi akusugulie makali yote kwa msasa wa maji, maana humo ndimo mkono wako utakapokuwa unaingia kila wiki.

Mei, mwishoni. Silikoni

Silikoni nimechagua ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni zina dawa hiyo na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Soma ganda lote kabla ya kulipa, hata kama muuzaji ameshakuhakikishia.

Kazi yenyewe inataka haraka ndani ya utulivu. Kila ukingo nimeufuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha nikabandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za kiungo, milimita 5 kutoka kona. Silikoni inawekwa mstari mmoja usiokatika, kioo kinashushwa, kinakandamizwa mpaka utaona weupe wa silikoni ukitandaa bila kapovu ndani. Kapovu kadogo ka hewa kwenye kiungo ndiko njia ya maji kesho. Baada ya hapo unapitisha mgongo wa kijiko mara moja tu, unavuta selotepu kabla silikoni haijaanza kushika ngozi. Ukichelewa, selotepu inang'oa kingo. Nilikuwa na mtu wa kunishikia kona, na bila yeye kuta mbili za mwisho zingekuwa shida.

Kuta za ndani zimekaa hivi, kuanzia maji yanapoingia. Chumba cha kwanza ni cha kuzuia uchafu, cha sponji na pamba. Cha pili, kikubwa kuliko vyote, ni cha mawe ya bakteria. Halafu unafuata mtego wa mapovu: kuta tatu zilizosogeana, sentimita 3 kutoka mmoja hadi mwingine, wa kwanza na wa tatu zimekaa sakafuni na wa kati umeinuliwa sentimita 3. Maji yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, na mapovu yanabaki juu. Mwisho ni chumba cha pampu.

Nimeiacha ikauke zaidi ya wiki. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokauka, kwa hiyo kiungo chenye wasiwasi ni afadhali kukikwangua chote na kuanza upya kuliko kukipaka juu.

Juni, mwanzoni. Kutoboa kioo

Tangi la juu nimeuliza mara mbili dukani kama kioo chake cha chini kimepikwa kwa moto ili kiwe kigumu. Kioo cha namna hiyo hakitobolewi. Biti ikigusa tu kinasambaratika chote. Changu ni cha kawaida.

Yanahitajika matundu mawili kwenye sakafu ya tangi, ndani ya eneo la kisanduku cha kumwagikia: moja la bomba kuu la kushusha, moja la bomba la dharura. La kurudisha nalipitisha mgongoni mwa tangi, juu ya ukingo, hivyo halihitaji tundu. Kila tundu liko mbali na ukingo wa kioo kwa kipimo kisichopungua kipenyo chake. Nunua konekta za tangi kwanza, yaani viungo vinavyopitisha bomba kwenye tundu la kioo, zipime, ndipo ununue biti ya almasi, kwa sababu konekta za inchi moja za maduka mawili hazilingani unene.

Kutoboa kulikuwa hivi. Nimeweka ubao bapa chini ya kioo, nikakandika duara la udongo wa mfinyanzi kuzunguka alama na kulijaza maji. Drili kwenye mwendo mdogo. Biti inaanza kwa kulazwa kidogo upande mmoja ili ichore mwezi mwembamba, kisha inainuliwa taratibu hadi duara lote likamilike. Kuanzia hapo uzito wa drili yenyewe unatosha, mkono unaongoza tu. Maji yanageuka meupe kwa unga wa kioo. Yakiwa mazito kama uji, yamwage uweke mengine. Karibu na mwisho mlio unabadilika, unakuwa mwembamba na wa juu, na hapo ndipo unapopunguza hata huo uzito mdogo, maana kioo hupasuka kwenye milimita ya mwisho. Matundu yote yametoka safi, na kingo nimezipitishia msasa wa maji.

Kisanduku cha kumwagikia ni plastiki ngumu nyeusi, upana sentimita 30, kina 12, meno yake yana nafasi za milimita 6. Kwa mwendo wa maji ninaoutaka, maji yatapita kwenye meno hayo kwa kimo cha sentimita 1 na nusu hivi. Kwa kuwa yanatoka usoni, utando wa mafuta na vumbi unaojikusanya juu ya tangi unaondoka wenyewe.

Juni, wiki iliyofuata. Mabomba

Bomba kuu la kushusha nimelijenga kwa namna iliyoenea kwa jina la mfugaji Richard Durso. Bomba limesimama ndani ya kisanduku, juu yake kipo kiungo cha umbo la T, ubavuni mwa T elbo inayotazama chini ili inyonye maji chini ya uso wake, na kichwani kifuniko chenye kitundu cha hewa. Bila hicho kitundu bomba linanyonya, linakata, linanyonya tena, na nyumba nzima inasikia. Pembeni lipo bomba la dharura, mdomo wazi, juu zaidi kwa sentimita 3. Hilo halitakiwi kupitisha hata tone siku za kawaida. Maji yakisikika humo, ni taarifa kwamba la kwanza limeanza kuziba.

Chini, bomba kuu linazama sentimita 2 tu ndani ya maji ya sampu. Likizama sana hewa inashindwa kutoka na linaanza kubeua.

Nimegundisha sehemu za kushusha kwa gundi ya bomba, lakini upande wa pampu nimeweka yunioni, kiungo kinachofunguka, na koki. Pampu lazima itoke bila msumeno. Waya wake unashuka chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi yenyewe iko juu ya usawa wa sampu, nje ya stendi, kwenye breka inayokata umeme ukivuja. Kwa hili sikubembeleza bei.

Juni, katikati. Maji ya kwanza

Tangi limekaa juu ya karatasi ya stairofomu, pima maji imesoma sawa, na nimejaza maji ya bomba bila samaki wala mawe.

Kabla ya kuwasha, tishu. Nimezungushia kila kiungo kipande cha tishu kavu na kusubiri usiku kucha. Asubuhi zote zilikuwa kavu isipokuwa ya konekta ya dharura, iliyokuwa na doa la ukubwa wa ukucha. Nilipoifungua nikakuta konekta imetoka kiwandani na mstari wa plastiki uliojitokeza kwenye shingo, palepale inapokaa washa ya mpira. Nimeusugua kwa msasa laini hadi ukapotea, washa ikarudi upande wa ndani kwenye maji, nati ikabanwa kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Zaidi ya hapo ni kuomba kioo kipasuke. Tishu mpya imelala kavu.

Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Hiyo ni namba ya pampu isiyopandisha maji popote. Hapa yanapanda mita 1.3 na kupita elbo kadhaa, kwa hiyo nimepima mwenyewe: mdomo wa bomba ndani ya ndoo ya lita 20, ndoo imejaa kwa sekunde 40. Ni lita 1,800 kwa saa, kama mara 7 ya maji ya tangi la juu kila saa. Ndicho nilichokitaka. Fanya kipimo hiki cha ndoo kabla ya kuamini ganda lolote.

Kelele ilikuwepo saa ya kwanza, mkoromo kwenye bomba kuu. Kitundu cha hewa cha milimita 2 kilikuwa kidogo kwa mwendo huu. Cha milimita 4 kikatuliza, na juu yake nikafunga koki ndogo ya mpira wa hewa ili niweze kurekebisha kwa kuzungusha tu. Sasa mtu anayekaa kwenye kochi anasikia pampu kwa mbali, basi.

Kisha jaribio lenyewe. Nimebandika selotepu kwenye usawa wa maji wa sampu, nikaziba kitundu cha kukata mnyonyo kwa kidole, na kumwambia kijana wangu achomoe waya. Maji yakashuka kwa kishindo, yakapunguza kasi, bomba la kurudisha likatoa mlio wa kuvuta hewa, yakasimama. Ndani ya sampu yamefika sentimita 30 na nusu. Hesabu ya Mei ilisema 30.6. Kitundu kikiwa wazi yanasimama chini zaidi. Tukarudisha umeme, pampu ikaanza yenyewe bila kusaidiwa.

Jaribio la pili: tambara kwenye bomba kuu. Bomba la dharura likapokea maji yote, kwa kelele kubwa kama inavyotakiwa. Tambara la pili kwenye la dharura. Maji ya juu yakapanda, sisi tumesimama na madodoki na ndoo, pampu ikaanza kuvuta hewa na kupiga kelele, na maji yakaishia sentimita 2 chini ya ukingo. Hayo ndiyo majaribio ya kufanya mchana ukiwa nyumbani, kabla samaki hawajaingia.

Juni, mwishoni. Sponji, mawe na konokono

Chumba cha kwanza: sponji ya matundu makubwa, halafu ya matundu madogo, halafu pamba ya kujazia mito, ile nyeupe isiyo na dawa. Pamba inanasa uchafu mwembamba na inatupwa ikichafuka. Uchafu ukizuiwa hapa, mawe ya bakteria hayazibi.

Chumba cha pili nimejaza mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, nimeyavunja vipande vya ukubwa wa ndimu, nikayaosha mpaka maji yakatoka safi, na kuyatia kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu. Mifuko hiyo nimeiloweka kwanza ili rangi itoke. Kila kitundu cha mawe ni ukuta wa bakteria kujenga, na mfuko unatoka mzima ukitaka kusafisha.

Pembeni yake mfuko mdogo wa konokono kutoka duka la vyakula vya kuku, yale makombora wanayosagiwa kuku wa mayai kwa ajili ya kalisiamu. Nimechukua yasiyochanganywa na kitu. Tone la siki linayafanya yatoe mapovu, ushahidi kwamba ni kaboneti. Sababu yake ni hii: bakteria wanapogeuza amonia wanakula alkali ya maji, na kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inakula sawa na gramu 7 za kalisiamu kaboneti. Tangi lenye samaki wengi likiachwa hivihivi linapoteza alkali, kisha pH inaporomoka. Konokono hawapandishi pH hadi ya ziwa, lakini wanazuia isianguke.

Maji ya bomba nimeyaondolea klorini kwa thaiosalfeti ya sodiamu. Mbegu ya bakteria imetoka kwenye sponji la tangi la zamani: nusu yake nimeikata na kuiweka chumba cha kwanza, nusu nimewaachia samaki. Chakula cha bakteria ni kamba mmoja kutoka soko la samaki la Feri, ndani ya soksi ya wavu, akaachwa aoze.

Julai. Kungoja

Hakuna cha kujenga mwezi huu, ila kupima. Bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Amonia imepanda, ikaanza kushuka nitriti ilipojitokeza, nitriti ikakaa juu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu ikaanguka ghafla katika siku mbili. Nitrati imefika miligramu 20 kwa lita. Kamba ametolewa, nikaweka chakula cha samaki kidogo kila siku ili bakteria wasife njaa. Niliporudia kutia amonia hadi miligramu 2 kwa lita, ndani ya saa 24 amonia na nitriti zote zilikuwa sifuri. Hapo tangi limeiva. Anayekuambia linaiva kwa wiki moja bila mbegu, usimpe samaki wako.

Maji yanayopotea kwa mvuke yanaonekana chumba cha pampu peke yake, kwa kuwa vyumba vingine vinashikwa na kuta. Wakati huu wa kipupwe yanashuka sentimita 4 hivi kwa siku, yaani karibu lita 3. Nimefunga boya dogo linaloruhusu maji kutoka ndoo ya lita 10 iliyo pembeni. Sikuliunganisha na bomba la nyumba kwa makusudi: boya likikwama, zinaingia lita 10 na sampu inazibeba. Bomba la nyumba halina mwisho, tena lina klorini.

Agosti. Samaki ndani

Wamehamia. Nimewadondoshea maji mapya kwa mpira wa hewa kwa zaidi ya saa moja kabla ya kuwaachia, kwanza Cyprichromis, brichardi mwishoni ili wasikute mawe yote ni yao. Madume wa Cyprichromis wameshaanza kugawana maji ya katikati, kila mmoja na eneo lake, mapezi wameyafungua.

Watoto wa brichardi ni wadogo kuliko nafasi za meno. Wachache wameshateremka, na nimewakuta chumba cha pili wanakula vijidudu juu ya mawe, wanene kuliko ndugu zao wa juu. Nimewaacha humo. Sponji ya kinywa cha pampu inawazuia wasinyonywe.

Umeme umekatika jioni moja mpaka karibu na alfajiri. Sampu ilisimama kwenye alama yake, sakafu kavu. Kilichobaki kilikuwa oksijeni, na hapo pampu ya hewa yenye betri, inayowaka yenyewe umeme ukienda, ilipuliza tangi la juu usiku wote. Asubuhi amonia ilikuwa sifuri na samaki walikula. Lakini mawe ya chumba cha pili yalikaa saa zote hizo kwenye maji yasiyotembea, na bakteria nao wanapumua. Kwa hiyo kazi inayofuata ni jiwe la hewa la pili kwenye sampu, na betri ya sola ya volti 12 itakayoendesha yote mawili. Vipimo vya betri nitaviweka hapa nikishaifunga.